Jino Lililotangulia

Dar es Salaam,
11 Februari 1973

Shangazi yangu Yunis,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, ila joto la mji huu linanifanya niikumbuke baridi ya Kwai kama mwenye njaa anavyokumbuka chakula. Je, ng'ombe mwekundu amekwisha kuzaa? Na kabichi za shamba la kijiji zimefika sokoni, au zimeozea njiani kama mwaka jana?

Chuo kinaendelea. Huu ni mwaka wangu wa pili wa kusomea usaidizi wa meno, na sasa tunaruhusiwa kusimama kando ya kiti cha mgonjwa, si kuchemsha vyombo tu. Wenzangu husema mikono yangu imetulia.

Barua ya baba imefika juzi. Ameandika ukurasa mzima juu ya ibada na mvua, kisha mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa amekwisha kushika mlango, akaandika: "Dada Yunis anaumwa jino. Uso umevimba. Hataki kwenda." Akakomea hapo. Unamjua ndugu yako.

Shangazi, nakuomba uende zahanati kwa dresa Fanueli, aling'oe. Jino, hasa la juu, likioza mpaka likatunga usaha, usaha hutafuta njia, na njia ya kufika jichoni na kichwani ni fupi. Nimemwona mtu aliyechelewa. Sitakueleza nilichokiona. Kung'oa ni kazi ya muda mfupi. Nenda kabla barua hii haijachakaa.

Mwanao,
Esta Sefania


Kwai, Lushoto,
4 Machi 1973

Kwa Esta mwanangu,

Marahaba. Bwana asifiwe. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo furaha ni nusu. Kabichi zimeozea njiani. Lori liliharibika kwenye kona za Soni, mwenyekiti akatuambia tuwe na moyo wa kujitegemea, na Zainabu jirani yangu akamwuliza kama moyo huo una magurudumu. Nilicheka mpaka shavu likanikumbusha kwamba ni gonjwa.

Jino lenyewe ni la mbele, la juu, upande wa kulia. Linapwita. Nimeweka karafuu nilizoletewa kutoka Muheza, nimesukutua maji ya chumvi. Kisha nikateremka bondeni kwa mzee Athumani, yule mganga. Alipasha kigae moto, akaweka mbegu za tunguja, yale matunda ya njano yenye miiba, moshi ukaingia mdomoni mwangu kwa bomba la mwanzi, na wadudu wa jino wakaanguka kwenye bakuli la maji. Wadogo, weupe. Siku ile nililala.

Na Athumani hakuanza na jino. Aliniuliza ninalalaje, naota nini, nimegombana na nani. Alisema hatibu jino, anamtibu mwenye jino. Dresa hajawahi kuniuliza hata jina la ng'ombe wangu.

Kwa Fanueli sitakwenda. Ni kijana mwema, nilimfundisha katekisimu mimi mwenyewe. Lakini jino hili halitoki. Usiniulize tena. Niambie jambo moja tu: katika kusoma kwako kote huko, hakuna dawa ya kulitibu jino likiwa limekaa mahali pake?

Mimi shangazi yako,
Yunis


Dar es Salaam,
2 Aprili 1973

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa dume na pole kwa kabichi. Nimesoma habari ya magurudumu kwa Amina, mwenzangu wa chumba, naye sasa anaisema kila mwalimu anapotuhimiza.

Vile vyeupe vilivyoanguka majini si wadudu. Nimepasua mbegu za tunguja mwenyewe nikaziangalia kwa kioo cha kukuzia. Ni viini vya mbegu. Joto huvirusha nje ya maganda. Moshi unatia ganzi kidogo, basi, na chini ya ganzi ile jino linaendelea kuoza. Usiniambie sijui ninalosema.

Lakini swali lako lina jibu, na nimekaa nalo siku kadhaa nikiogopa kukuandikia kwa sababu nalitaka mno liwe la kweli. Yuko daktari wa kigeni hapa, Daktari Holm. Halazimiki kung'oa. Hulifungua jino kwa nyuma, huutoa mshipa uliooza ndani yake, husafisha kijia cha mshipa ule mpaka kwenye ncha ya mzizi kwa visindano vyembamba kama unywele, kisha huziba. Jino linakufa, lakini linabaki. Haliumi tena. Wanaotibiwa hivyo ni wachache, kwa maana vifaa ni haba. Nilimsimulia habari zako. Nilimwambia wewe ni mama yangu, na sikuona kwamba nimedanganya. Amesema uje mwezi wa saba.

Pasaka nitakuja nyumbani. Nitakuwa na kioo changu cha meno. Utanifungulia mdomo, sawa? Sikuulizi kwa nini hutaki kung'oa. Umeniambia nisiulize.

Esta


Kwai,
20 Mei 1973

Esta mwanangu,

Marahaba. Mvua za masika zimetushika, matuta mawili ya Zainabu yameporomoka, na baba yako amehubiri juu ya Nuhu mpaka watu wakaanza kutazama paa. Ndama anakua. Nimemwita Pasaka kwa ajili yako.

Tangu uondoke nimekuwa nikikukumbuka ulivyosimama mlangoni ukanigeuza uso kwenye mwanga, ukachungulia mdomoni mwangu na kile kioo. Hakuna aliyewahi kunitazama humo. Hata Timotheo, enzi alipokuwa mume wangu, hakuwahi.

Ulisema litakufa na kubaki. Nalirudia neno hilo nikikamua, nikipalilia, nikiwa kanisani wakati wengine wanaimba. Likifa libaki. Nizikwe nalo. Sikujua kwamba duniani kuna ujuzi wa namna hiyo, na kwamba mtoto niliyempikia uji ndiye angeuleta.

Ila uniulizie daktari. Likifa, limekufa kweli, haliwezi kuamka? Na wanapolitengeneza, halitolewi nje hata kidogo, likaona hewa, kisha likarudishwa? Mwulize vizuri. Usione aibu kwa ajili yangu.

Uvimbe umepungua. Nimeshona gauni la safari. Zainabu ananiuliza kama ninakwenda kuolewa Dar es Salaam, nami namwambia ndiyo, na daktari.

Yunis


Dar es Salaam,
30 Juni 1973

Shangazi,

Shikamoo. Natumai ndama Pasaka hajambo. Huku tumefanya mitihani, nami nimefaulu vizuri kuliko nilivyostahili. Amina amepata kikohozi. Jikoni wametupa maharage wiki nzima. Nimesoma kitabu kimoja kizito nikakimaliza bila kukumbuka hata sura moja.

Usije Julai. Vifaa vya Daktari Holm vimechelewa, na yeye mwenyewe ana shughuli nyingi siku hizi. Nitakuandikia tarehe nyingine. Uvimbe umetulia, hivyo kusubiri kidogo hakuna neno.

Kuhusu maswali yako: likifa limekufa, na halitolewi nje.

Gauni ulitunze.

Esta


Kwai,
12 Agosti 1973

Kwa Esta,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi. Nilidhani ukurasa mmoja umedondoka njiani, nikamrudia mwenye posta, akapekua mfuko mzima.

Baridi ni kali, ukungu hauondoki hata mchana. Jino limerudi. Sasa kuna kijipu kwenye ufizi juu yake kinachopasuka na kujaa tena, na jicho la kulia linatoa machozi bila sababu. Nina homa nisiyomwambia baba yako. Fanueli alinikuta njiani akaniambia, "Mama Yunis, mimi sikulazimishi, lakini kaburi lako nitalichimba nikiwa nakukasirikia." Anaongea hivyo tangu utoto wake.

Nilirudi kwa Athumani. Safari hii hakuchoma mbegu. Alikaa tu ananitazama, akaniuliza nilikozaliwa na nani alinilea. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua: "Mama, katika meno yako yote, lipi lilitangulia?" Nikachukua kanga yangu nikaondoka. Sitarudi huko.

Niambie tarehe, Esta. Gauni liko tayari. Sikusumbui kwa jambo jingine, na sijawahi kukuomba kitu.

Yunis


Dar es Salaam,
9 Septemba 1973

Shangazi,

Shikamoo. Sitauliza habari za ng'ombe. Nisamehe.

Daktari Holm ameondoka. Mkataba wake ulikwisha mwezi wa sita, haukuongezwa kama alivyotarajia, na nilipokuandikia kwamba ana shughuli nyingi alikuwa amekwisha kufunga masanduku. Visindano vyake ameondoka navyo, kwa kuwa vilikuwa mali yake. Sikuweza kuandika maneno hayo. Nilikaa na kalamu, nikaliona lile gauni, nikaandika juu ya maharage.

Daktari aliye hapa sasa haamini kazi ile. Nilipomwomba alinijibu mbele ya wenzangu kwamba jino lililokufa likiachwa mdomoni ni sawa na mzoga ulioachwa chumbani, sumu yake huenea mwili mzima, na wanaolibakiza wanabembeleza ugonjwa. Nilibishana naye mpaka nikaamriwa nitoke. Sijui nani kati yao yuko sahihi. Nilikuja hapa nikidhani nitapewa majibu, na kumbe nimepewa mabwana wawili wanaokanushana, na mmoja amekwisha kuvuka bahari. Lakini juu ya jicho linalotoa machozi na homa hakuna ubishi. Jino hilo litoke, Shangazi. Litoke wiki hii.

Sasa jambo la pili. Nilimsimulia Amina swali la Athumani, kama kichekesho. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Akaiweka pasi chini.

"Alimwuliza lipi lilitangulia?"

"Ndiyo."

"Naye akaondoka bila kujibu?"

"Akaondoka."

"Esta, wewe Msambaa wa wapi usiyejua kigego?"

Kwao ni Handeni. Akanieleza: mtoto akiota meno ya juu kabla ya yale ya chini, wazee walimwita kigego, wakasema ataua ndugu zake, na zamani hakuachwa aishi. Aliniambia kwa sauti ya chini, yeye ambaye hasemi lolote kwa sauti ya chini. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuona. Nilikuona unavyofunika mdomo kwa pindo la kanga kila unapocheka. Nilidhani ni adabu ya wanawake wa zamani, nikajifunza kufanya vivyo hivyo. Nilijiona mimi nikiwa shule ya kati, nikikaa kwako, na wewe ukinipakulia kwenye sahani yangu peke yangu, kikombe changu peke yangu, kitanda changu chumba cha mbali. Miaka yote nimeamini hukunipenda sana, ila ulinivumilia kwa ajili ya baba.

Nimemwandikia baba, nikamwuliza wazi. Amejibu habari za kabichi tu.

Niambie wewe.

Esta


Kwai,
7 Oktoba 1973

Mwanangu,

Umeuliza. Nakujibu mara moja, na barua hii uichome.

Nilizaliwa vita ya Wajerumani ilipoanza. Bibi yako aliona jino langu la kwanza akiwa ananinyonyesha, lilimwuma. Lilikuwa la juu, hili la kulia. Akaufunga mdomo wangu kwa kitambaa, akawaambia watu nina vidonda, akanibeba mgongoni akateremka mpaka misheni, huku akiacha shamba lake, mume wake na moto jikoni. Misheni hawakuuliza habari za meno. Babu yako alimfuata baadaye, naye akabatizwa, kisha akazaliwa baba yako. Ndiyo maana sisi ni Wakristo, Esta. Wengine waliitwa na neno la Mungu. Sisi tuliitwa na jino. Shule ya baba yako, na yako, vyote vimetoka hapo.

Meno yangu ya utoto yalianguka, nikayarusha juu ya paa kama watoto wote. Lakini hilo moja halikuanguka. Mama aliniambia. Alinishika kidevu akasema, "La kwako hili limekataa kutoka. Ndilo lile lile. Ukae nalo, ufunge mdomo, uzikwe nalo. Likitoka kwako litatafuta kinywa kingine katika ukoo." Nilikuwa mdogo. Sikumwuliza zaidi, na hakulisema tena mpaka siku anakufa, alipoligusa kwa kidole.

Niliolewa na Timotheo bila kumwambia. Nilikuwa nimeamini ubatizo umemaliza. Tukampata Elieza, naye akafa akiwa anajifunza kukaa. Tukampata Nuru, huyo hakufika hata hapo. Ndipo nikamwambia yote, hata maneno ya mama. Alisema, "Sisi tunaamini mambo hayo?" Nikasema, "Wewe niambie." Nikamtuma aende akaoe, apate watoto wanaoishi. Alilia, lakini alikwenda, na kwa ajili hiyo akatengwa na Meza ya Bwana miaka mingi. Ana wajukuu sasa. Anapita hapa na jembe lake, na mpaka leo ananiita Mama Elieza.

Baba yako alipokuleta ukae kwangu nilikataa, akanisihi. Basi nikakuwekea sahani yako. Hukuumwa hata mafua katika miaka ile. Nilikuwa nikikuhesabia pumzi kutoka mlangoni.

Wewe ndiye binti pekee wa ukoo huu. Hujaolewa, hujazaa. Nikilitoa, litakwenda wapi? Ulipoandika kwamba linaweza kufa likabaki, nilimshukuru Mungu kwa sauti, shambani, watu wakanigeukia.

Sasa hayupo mwenye visindano. Basi. Nitakaa nalo kwa muda uliobaki. Homa ni ya kwangu, nimeizoea. Usije.

Yunis


Dar es Salaam,
21 Oktoba 1973

Shangazi, shikamoo.

Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo, kisha nimeichoma kama ulivyoagiza. Sasa nisikilize. Sitakuambia habari za imani, maana imani yangu mwenyewe siku hizi ni nyembamba. Nitakuambia nilichokiona kwa macho yangu.

Pasaka, pale mlangoni, nililitazama jino lako. Ni pana. Ni refu. Linalingana na mwenzake wa kushoto kwa kila kitu, kingo zake zimelika sawa na za mwenzake. Jino la utoto haliko hivyo. Jino la utoto ni dogo, ni jeupe kama maziwa, na mzizi wake huyeyuka taratibu mpaka halina pa kushika. Hata likichelewa kutoka likakaa mpaka uzeeni, linabaki dogo kama punje katikati ya wenzake, na kila mtu angeliona. Lako ni jino la mtu mzima, Shangazi. Liliota ukiwa na miaka saba au minane, baada ya lile la kwanza kuanguka. Lile la kwanza halimo mdomoni mwako. Halimo tangu ukiwa mtoto. Labda lilianguka ukalimeza na uji. Labda bibi aliliokota. Bibi alikosea, au alikudanganya, sijui kwa nini, lakini jino lililotangulia lilikwisha kutoka zamani, na wakati huo wote hakuna kinywa lililotafuta. Baba ameishi. Mimi nimeishi.

Hapa nimewaona watoto watatu walioanza na meno ya juu. Mama zao waliwaleta kwa sababu nyingine kabisa, wakawafunga mgongoni, wakaenda zao.

Nenda kwa Fanueli. Hakuna unachokilinda mle. Nakuandikia hili kwa furaha, ya kwanza mwaka huu wote. Uko huru. Kama hunipendi, usiende. Kama unanipenda, nenda kesho.

Mwanao kweli,
Esta


Kwai,
25 Novemba 1973

Kwa Esta mwanangu,

Marahaba. Vuli imeanza. Ndama Pasaka ameuzwa, kijiji kimepata lori jingine, na baba yako anakusalimu. Nilimsomea barua yako. Alitoka nje akakaa kwenye zizi muda mrefu. Aliporudi alisema ng'ombe anahitaji chumvi.

Limetoka. Nilikwenda siku ya pili baada ya kuipata barua yako. Fanueli alikuwa amekula kiapo cha kunigombeza, lakini aliponiona aliacha. Akasema, "Mama Yunis, fungua mdomo." Nikamwambia, "Nimeufunga maisha yangu yote, subiri kidogo." Akadhani natania. Sindano ya ganzi haikushika vizuri kwa sababu ya usaha, lakini hilo halikuwa neno. Usaha umetoka mwingi. Homa imekatika. Jicho limekauka. Mambo yote uliyoandika yamekuwa kama ulivyoandika.

Alitaka kulitupa. Nikamwambia anipe. Nililiosha, nikaliweka mezani, nikalitazama mpaka chai ikapoa. Lina mzizi mrefu. Lina tundu. Ni kubwa. Ulisema kweli, ni jino la mtu mzima. Ni jino tu, Esta. Ungeliweka katikati ya meno ya watu wengine, nisingelitambua.

Sasa ninajua kwa nini mama alinidanganya. Nilikuwa mtoto wa kucheka sana. Mtoto asiyeogopa angefungua mdomo mbele ya watu, angesimulia, na kule bado walikuwapo waliokumbuka. Alinitia hofu ili ninyamaze, nami nikanyamaza vizuri kuliko alivyotaka. Simlaumu. Angejuaje kwamba nitakaa nayo hofu ile baada ya wote wa kuogopwa kufa?

Lakini Elieza na Nuru. Nilimjua aliyewaua. Alikuwa hapa, chini ya mdomo wangu, nami nilikuwa nimemfunga asiue tena, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya duniani. Usiku nilipokuwa peke yangu nilijua kwa nini niko peke yangu. Wewe utasema ilikuwa homa. Najua utasema, na ni kweli, watoto wengi walikufa miaka ile, hata wa majirani. Kama ilikuwa homa, basi Timotheo angebaki. Tungezaa wengine. Wewe ungekuwa na binamu zako katika nyumba hii, na ningekula nawe sahani moja.

Nimelizika karibu na mgomba, bila maombi. Usilie. Ulifanya ulichofundishwa, nami ndiye niliyekuuliza. Ila usiniandikie tena habari za meno. Niandikie habari za mvua, kama baba yako.

Jana Timotheo alipita na jembe lake. Akasimama penye ua, akasema, "Mama Elieza, naona uvimbe umekwisha." Nikafungua mdomo nimjibu. Sikuukumbuka upindo wa kanga. Akaliona pengo. Jembe likamshuka begani, akalishika kwa mikono miwili, akabaki ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa nani amekufa.

Sikuweza kumwambia kwamba lilikuwa jino tu.

Shangazi yako,
Yunis